Nguo za kazini na za shughuli Kigoma mjini, Septemba mpaka mvua zikolee: tushoneje?

#1 BintiMwanga (mleta uzi)

Wadau, habari za jioni. Jambo hili nimekaa nalo moyoni muda mrefu, leo nimeona nililete hapa kwa sababu najua siko peke yangu.

Jumamosi nilitoa kabatini magauni yote ya sare niliyoshona kwa miaka mitatu. Yako kumi na moja. Niliyoyavaa zaidi ya mara moja ni mawili tu. Jumatatu asubuhi nikasimama mbele ya kabati hilohilo nikakosa nguo ya kwendea kazini. Nikaishia na sketi nyeusi na blauzi nyeupe, vilevile kama wiki iliyotangulia.

Mimi naishi Mwanga, kazi iko mjini chini. Asubuhi nateremka kwa bajaji, jioni napanda. Wenyeji mnaijua Septemba yetu: vumbi jekundu, upepo, na pindo la nguo nyeupe linabadilika rangi kabla hujafika ofisini. Oktoba joto linakolea, karibu nyuzi 30 mchana, na mvua za kwanza zinaanza kutuvizia alasiri. Novemba ni tope. Na katika miezi hiyohiyo mitatu ndiyo kuna mahafali ya kidato cha nne kabla ya mtihani, send-off, harusi zinazokimbilia kumalizika kabla ya mwaka kuisha, na shughuli za mji kama kumbukumbu ya Mwalimu tarehe 14 Oktoba. Mtu unatoka ofisini saa tisa, saa kumi unatakiwa ukumbini, na nyumbani ni kupanda mlima.

Nilianza kulifikiria vizuri kwa sababu ya binamu yangu aliyeko Chicago. Huko mwezi huu majani yanageuka rangi na kupukutika, na watu wanatoa nguo za majira hayo: sweta, koti jepesi, buti. Oktoba yao mchana ni kama nyuzi 17, usiku inashuka chini ya 10. Alinitumia picha za nguo zake za wiki nzima. Nilipozihesabu nikakuta ni vipande tisa tu, anavipanga na kuvipangua, na kila siku anaonekana mtu mwingine. Kazini kavaa koti la kahawia juu ya gauni, Ijumaa jioni kwenye maonyesho ya picha mjini kwao koti ni lilelile, chini kabadilisha sketi na viatu.

Baridi yake siitaki na buti zake sizihitaji. Kilichonigusa ni kile kupanga na kupangua. Sisi gauni la sare tunalishona zima kuanzia shingoni mpaka chini, maua yaleyale, na mkono wa puto juu. Nguo ya namna hiyo huwezi kuipunguza wala kuichanganya na nyingine. Ofisini itapiga kelele, na kwenye shughuli nyingine kila mtu anakumbuka ilikuwa sare ya harusi ya nani.

Kwa hiyo nimeamua hivi: kitenge kinachofuata cha yadi 6 sishoni gauni. Nitashona vipande vitatu vinavyoachana: sketi iliyonyooka inayoshuka chini ya goti, blauzi isiyo na mbwembwe, na koti fupi lisilo na kola lenye bitana. Siku ya shughuli navaa vyote vitatu, sare imetimia. Jumatatu navaa sketi na blauzi ya rangi moja. Jumatano koti juu ya gauni jeusi. Alhamisi blauzi na suruali ya kitambaa.

Rangi moja ninazotaka kununua nimezichagua kwa kuangalia ardhi yetu: damu ya mzee, ugoro, haradali na kijani cha zaituni. Vumbi halionekani sana juu yake, na karibu kila kitenge kina mojawapo ya rangi hizo ndani ya maua. Huwa natafuta ile rangi ndogo kwenye kitenge, siyo ile iliyotawala. Kitenge cha bluu chenye vidoa vya haradali, ukikivalia blauzi ya haradali kinatulia, ukikivalia ya bluu kinakuwa kama sare ya shule.

Mafundi na wavaaji mnisaidie: yadi 6 zitatosha vipande vitatu? Na ninyi miezi hii mnavaaje?

#2 KijanaWaGungu

Uzi mzuri dada. Usitusahau wanaume, sisi tuna suruali nyeusi na shati jeupe tangu Januari mpaka Desemba.

#3 FundiWaUjiji

Nimesoma mpaka mwisho, mwanangu. Mimi niko kwenye cherehani zaidi ya miaka ishirini, na ulichosema huwa nawaambia wateja wananiona nataka kuwabania mshono.

Yadi 6 ni kama mita tano na nusu. Kwa mwili wa wastani, sketi iliyonyooka inakula yadi moja na nusu mpaka mbili, blauzi mbili, koti fupi mbili. Zinatosha, lakini angalia maua. Kitenge chenye maua makubwa, ndege, feni au duara kubwa kinataka kupangwa ili duara lisikae mahali pa aibu na ili mkono wa kulia ufanane na wa kushoto. Hapo kitambaa kinapotea. Ukitaka vipande vitatu chukua maua madogo au ya kati. Na maua madogo ndiyo yanayokubalika ofisini.

Kabla ya kuniletea, kiloweke. Wengi wananiletea kitenge na karatasi yake ya dukani bado imegandishwa. Pamba hurudi. Nikikushonea sketi inayokukaa leo, ukiifua mara ya kwanza itapanda na zipu itavuta. Kiloweke maji baridi usiku mmoja, maji yakitoka na rangi yabadilishe, kianike kivulini, kipige pasi, ndipo ulete.

Hapa Kigoma tuna bahati, vitenge vinatufikia kutoka Kongo na Burundi, ila vya kila aina vimechanganyika. Geuza upande wa nyuma. Wax ya kweli, yaani kitenge kilichochapwa kwa nta, maua yake yanakolea pande zote mbili, na utaona vimishipa vyembamba vya rangi vilivyopita ndani ya maua. Vimishipa hivyo hutokea kwa sababu nta inayozuia rangi hupasuka kitambaa kikikunjwa, rangi ikapenya. Ni kazi waliyoianza watu wa Java kwa mikono, Waholanzi wakaiga kwa mashine karne ya 19, ndiyo ikaja kwetu. Kile kilichopigwa chapa upande mmoja, nyuma kinakuwa kimepauka.

Jaribio la mwisho: chomoa nyuzi mbili tatu pembeni uziwashe kwa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Ikiyeyuka ikaacha punje ngumu, hiyo ni poliesta. Kwa joto la Oktoba poliesta itakuonyesha kwapa zote mbili kabla ya saa nne asubuhi.

Koti lisiwe na bitana nzito. Weka bitana mabegani na nusu ya mgongo, mikono iache bila. Na mwambie fundi wako akuachie inchi moja ya ziada kwenye mishono ya ubavuni. Mwili unabadilika, kitenge kizuri hakipaswi kufa kwa sababu ya inchi moja.

#4 MamaWaKamati

Dada BintiMwanga, nakuheshimu lakini hapo kwenye sare umegusa pabaya. Mimi nimekaa kwenye kamati za harusi nyingi mjini hapa. Sare ni mshikamano. Bibi harusi akitazama ukumbini akaona shangazi, mama wadogo na majirani wote wamevaa kitambaa kimoja, anajua ana watu. Mkianza kila mmoja na mshono wake wa ofisini, mmoja sketi, mwingine suruali, picha itakuwaje?

Na mishono hatuwapangii kwa ubaya. Tunawapangia ili asiyekuwa na uwezo asionekane tofauti na mwenye uwezo.

#5 BintiMwanga

Fundi, shikamoo, na ahsante sana. Hiyo ya kuacha inchi nimeiandika kwenye daftari.

Mama, shikamoo. Nimesikia na sibishi kuhusu mshikamano, mimi mwenyewe nililia siku ya send-off ya dada yangu nilipowaona watu wa mtaa wetu wamejaa na kitenge kimoja. Ninachoomba ni kamati ichague kitambaa, mshono imwachie mvaaji. Kitambaa kikiwa kimoja picha itapendeza tu. Sketi na koti langu ukivipiga picha kwa mbali havitofautiani na gauni.

Na hilo la asiye na uwezo ndilo hasa linaloniuma. Nina jirani, mama wa watoto wanne, mwaka jana alikopa ili ashone sare ya mshono uliotajwa na kamati, mkono wa puto na mkia nyuma. Alivaa siku moja. Angeshona sketi na blauzi, leo angekuwa anavalia kanisani na kwenye vikao vya shule. Ninamwona anapita na dera lilelile na roho inaniuma.

Niwaambie na lililonipata mimi, kwa sababu nadhani litamsaidia mtu. Oktoba ya mwaka juzi nilikuwa na mahafali ya mtoto wa kaka yangu. Nilinunua kitenge siku nne kabla, sikukiloweka, fundi mmoja akanishonea haraka usiku. Nikavaa sketi ya kitenge cha damu ya mzee na blauzi yangu nyeupe niipendayo, ya mtumba lakini nzito na safi. Sherehe ilikuwa uwanjani chini ya turubai. Saa nane mvua ikaja na upepo, turubai likavuta maji upande wetu. Tulipotoka kukimbilia madarasani, blauzi ilikuwa na rangi ya waridi kuanzia kiunoni mpaka tumboni. Mtoto ananiita tupige picha na cheti chake, mimi nimejifunga mtandio wa mtu. Picha hiyo ipo, na kila nikiiona namtazama yule mtoto alivyojisimamisha mbele yangu ili anifiche. Blauzi haikutakata tena.

Tangu siku hiyo kitenge hakiingii kwa fundi bila kulala ndani ya maji.

#6 Ummu_Ujiji

Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu, navaa hijabu, na miezi hii ndiyo inayonitesa maana ushungi wa kitambaa kizito na joto la Oktoba haviendani. Nilichogundua ni kwamba nguo za chini ziwe chache na za pamba. Abaya la poliesta jeusi nimeliacha kwa ajili ya misiba na safari, kazini navaa gauni refu la pamba la rangi moja, juu navaa koti refu la kitenge lililo wazi mbele, linafika magotini. Fundi alinishonea bila bitana. Kwenye walima ninabadilisha mtandio tu, natoa wa pamba naweka wa kung'aa, na watu wanadhani nimekwenda nyumbani kubadili.

Mitandio yangu nimeipanga kama dada alivyosema kuhusu rangi ndogo ya kitenge. Ninayo mitano: maziwa, haradali, zaituni, damu ya mzee na nevi bluu. Inanitosha.

Kwa watumishi wa umma wenzangu: waraka wa mavazi unatuhusu. Nguo ya kubana na ya kuonyesha maungo haifai kazini, na sketi ya kitenge ikishonwa ya kubana sana nayo imo humo. Mwambieni fundi aachie nafasi ya kupiga hatua. Mji wenyewe wa vilima, sketi isiyo na mpasuo nyuma utapandaje bajaji?

#7 MtuWaKasulu

Mwakeye wadau. Nyie wa ziwani mnalia joto, sisi huku juu asubuhi ya Oktoba ikinyesha usiku unatafuta sweta. Mimi nateremka Kigoma mara mbili kwa mwezi kwa kazi. Natoka Kasulu saa kumi na moja alfajiri na baridi, nafika mjini jua limeshachoma, narudi jioni na mvua. Kwa hiyo huyo binamu wa Chicago mimi namwelewa kabisa.

Ninachofanya: kadigani nyembamba ya kufungua mbele, siyo sweta la kuvulia kichwani, kwa sababu ndani ya basi huwezi kuanza kunyanyua mikono. Chini shati au blauzi ya mikono mifupi. Kadigani inaingia kwenye pochi. Na kadigani nzuri zote ziko mitumbani, ndiyo nguo za majira hayohayo ya huko kwao zinazotufikia. Ukienda siku balo jipya linafunguliwa utapata ya sufu halisi. Angalia kwapa na viwiko kwanza, hapo ndipo zinapochakaa, halafu inua kwenye mwanga uone matundu ya wadudu.

Pia wengi huziita mvua za miezi hii vuli, tuache kusema hivyo kwa mkoa mzima. TMA, watu wa hali ya hewa, wanaihesabu Kibondo na Kakonko upande wa vuli, lakini sehemu nyingine ya mkoa iko kwenye mvua za msimu, zile zinazokwenda Novemba mpaka Aprili. Kwa hiyo wa kaskazini anunue mwavuli mapema, na wa mjini ajue akishanunua ataubeba miezi mingi.

#8 KijanaWaGungu

Bado nasubiri ya wanaume jamani.

#9 FundiWaUjiji

Nimekuona kijana. Marahaba BintiMwanga.

Mwanaume wa Kigoma ana nguo moja ambayo vijana mmeiacha, nayo ni kaunda suti. Ile ya mikono mifupi, kitambaa chepesi cha zaituni au ugoro. Haitaki tai, haitaki koti juu, ofisini umekubalika, kwenye mahafali utakaa meza ya mbele, na kwenye joto unapumua. Ukishonewa vizuri, shati lake lina kola iliyolala na mifuko minne, suruali imenyooka. Siku nyingine vaa lile shati lake na suruali nyeusi, au suruali yake na shati jeupe. Tayari una mavazi matatu.

Pili, shati la kitenge. Lisiwe la maua kifua kizima. Naweza kukushonea shati la rangi moja, nikaweka kitenge kwenye kola kwa ndani, kwenye ukanda wa vifungo na mfuko. Mkeo akiwa na sare, unachukua mabaki ya yadi zake 6, nusu yadi inatosha kabisa. Hapo mama wa kamati atapata mshikamano wake na wewe utaivaa nguo kazini Ijumaa.

#10 MamaWaKamati

Hiyo ya nusu yadi kwa wanaume imenigusa fundi. Kamati ninayokaa sasa ina harusi mwishoni mwa Novemba, wanaume walikuwa wanagoma kushona mashati mazima. Nitaipeleka kikaoni Jumapili. Na hilo la kuachia mshono, nitalisema, ingawa najua nitapingwa.

#11 MuuzaMawese

Niongeze la madoa, maana kwenye shughuli za kwetu hakuna pilau bila mtu mwenye samaki migebuka na mawese pembeni. Mawese yakikumwagikia usikimbilie maji ya moto. Futa kwa karatasi bila kusugua, nyumbani paka sabuni ya maji ya vyombo, acha robo saa, fua. Ule wekundu ukibaki anika nguo juani ikiwa na unyevu. Rangi ya mawese hufifia kwenye jua, baada ya siku mbili tatu huioni. Kwa kitenge anika upande wa ndani ukiwa juu ili maua yasipauke.

Tope jekundu ni kinyume chake, liache likauke kabisa, kung'uta kwa brashi, ndipo ufue. Ukilisugua likiwa bichi unaliingiza ndani ya nyuzi.

#12 Ummu_Ujiji

Na viatu jamani. Novemba hapa kiatu cha kisigino chembamba kinazama. Mimi napanda bajaji na raba nyeusi, viatu vya shughuli viko kwenye mfuko wa nailoni ndani ya pochi. Sioni aibu kuvibadilisha mlangoni mwa ukumbi. Kisigino kipana, kifupi, ndicho kinachofaa kwenye turubai na majani.

#13 BintiMwanga (mleta uzi)

Wadau, narudi na mrejesho kama nilivyoahidi baadhi yenu inbox.

Kitenge nilipata Mwanga sokoni, maua madogo kama majani, ardhi yake kijani cha zaituni iliyokolea, ndani kuna kahawia na vidoa vya haradali. Niligeuza nyuma, kimekolea sawasawa. Muuzaji aliniangalia nikichomoa nyuzi na kuomba kiberiti, lakini aliniruhusu, na kikaacha jivu. Kililala kwenye beseni usiku mzima. Maji ya kwanza yalitoka ya kijani kabisa, ya tatu ndiyo yakawa meupe, na nilipokipima kilikuwa kimepungua karibu upana wa kiganja.

Nimeshona sketi, blauzi na koti. Kitambaa kimebaki kidogo, nimemwomba fundi anitengenezee mkanda wa kujifunga kichwani. Koti lina bitana mabegani tu, na kwenye mishono ya ubavuni ameniachia inchi.

Jumanne nilivaa koti juu ya gauni jeusi la mikono mifupi, na raba njiani. Mwenzangu wa meza ya pili aliuliza kama ni mtumba wa Ulaya. Alhamisi sketi na blauzi ya haradali. Jana alasiri mvua ilitunyeshea tukiwa tunateremka kuelekea stesheni, sketi ililowa yote, na blauzi imebaki haradali ileile.

Jumamosi hii kuna mahafali ya mtoto wa pili wa kaka yangu. Navaa vyote vitatu. Yule jirani yangu naye ameleta kitenge chake cha sare ya Novemba nimpelekee kwa fundi huyohuyo, kwa sasa kiko kwenye beseni langu.